Makomeo ya Nje

3 Februari

Mpwa wangu Cheche,

Picha zako zimefika na nimezipanga mezani kama karata. Mimi ni mzima ukiondoa masikio. Mitambo ya uchapaji iliyachukua kidogo kidogo, na sasa simu ikilia naiona inatetemeka tu, ndiyo maana unalazimika kuniandikia kama watu wa zamani. Usilalamike. Nimesahihisha maandishi ya wengine kwa miaka mingi, na nimegundua kwamba mtu akiandika hudanganya kidogo kuliko akiongea.

Jengo letu limebandikwa tangazo. Mwisho wa Juni linabomolewa. Majirani wameanza kuhama. Kwenye korido pamebaki viti visivyo na wenyewe, na lifti inapanda na kushuka bila mtu. Hakuna mahali duniani nilipokaa muda mrefu kuliko chumba hiki, na bado sijawahi kupigilia msumari ukutani. Kwa hiyo uliponiandikia kwamba unanijengea nyumba kwenye kiwanja kilicho ubavuni mwa nyumba ya mama yako, nililia kidogo, halafu nikajiambia ni mafua.

Ila hukuniambia kwamba ni kontena. Nimeliona kwenye picha. Ni zuri, na jikoni kwako kumepangwa vizuri kuliko ukurasa wowote niliowahi kuusahihisha. Nina swali moja tu la kizee. Kwenye picha ya nje naona ile milango miwili ya chuma bado ipo, pamoja na makomeo yake. Inafungwaje?

Mjomba wako


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nilitaka iwe ya kushtukiza, lakini nilisahau kwamba wewe hupitwi na kitu kwenye karatasi.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia, sasa nikueleze. Tunanunua kontena lililochoka kusafirisha mizigo. Tunalikata madirisha, tunalivisha ndani tabaka la kuzuia joto na mbao laini, tunaweka jiko, bafu, kitanda cha kukunja na taa ambazo mwenye nyumba anaziwasha akiwa kitandani. Wateja wangu ni watu wenye nafasi zao. Wanataka nyumba ambayo, wakichoka na jirani, wanaita lori linaibeba. Fundi wetu mpaka rangi husema tunawajengea wakubwa nyumba ndogo, kisha anacheka peke yake mpaka anamwaga rangi.

Ya kwako nimeijenga kama ya wateja hao hao, sijapunguza kitu. Kiwanja ni cha kukodi, lakini usiogope, ndiyo maana nikachagua kontena. Maisha yako yote umehamishwa ukaacha vitu nyuma. Safari hii wakikuhamisha unahama na nyumba yako, hata kikombe hakitoki kabatini.

Milango ya chuma ni ile ile ya asili. Wateja wanaipenda kuliko kitu kingine, wanasema ndiyo inayoipa nyumba historia. Nyuma yake kuna mlango wa kioo. Ya chuma unaifunga unaposafiri, au nyumba inapobebwa. Ina makomeo manne marefu, yote kwa nje. Mwizi atakuja na njaa yake na kuondoka nayo.

Kinachonisumbua ni Mama. Anakuja karakana karibu kila siku, lakini hajawahi kuingia ndani ya nyumba yangu hata moja. Anageuza kopo tupu la rangi, anakaa juu yake mlangoni, anasema harufu ya rangi inamtia kichwa. Hata zile ambazo hazijapakwa, harufu. Nadhani anaona haya kuwa na binti mchomeleaji. Wageni hudhani Cheche ni jina la kazi. Nawaambia hapana, nimezaliwa nalo, Mama alinipa kwa sababu nilikuwa mtoto mkali. Yeye huanza kuzungusha pete yake kidoleni.

Mpwa wako,
Cheche


8 Machi

Cheche wangu,

Asante kwa maelezo. Nimeyasoma mara kadhaa.

Unasema makomeo yote manne yako nje. Kwa ndani kuna nini? Tuseme nimelala, na mtu amepita akayafunga kwa mzaha, au kwa kudhani nyumba haina mtu. Je, kuna mahali pa kushika? Na madirisha hufunguka upande gani? Je, hewa inapita hata kila kitu kikiwa kimefungwa?

Si wezi ninaowawaza. Sina cha kuibiwa isipokuwa kamusi, na mwizi anayeiba kamusi nitampa na miwani. Wazee tunapenda tu kujua mlango uko wapi.

Kuhusu mama yako, usimhukumu haraka. Mtu anaweza kukaa juu ya kopo la rangi kwa sababu nyingi.

Jumatano wameondoa milango ya ghorofa ya chini, wakaibeba kwenye mkokoteni. Nilikaa dirishani nikaitazama mpaka ikaisha.

Mjomba wako


27 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimekuelewa. Niliwasomea mafundi barua yako, na mpaka rangi akasema, "Huyu mzee anaogopa wezi ila anaona aibu kusema." Tukacheka, lakini kwa upendo. Mtu aliyelala sehemu nyingi zisizo zake lazima aogope.

Basi nimefanya hivi. Kila dirisha nimeliwekea bamba la chuma linalofungwa kwa nje. Kwenye makomeo nimeongeza kofuli lenye ukubwa wa ngumi yangu, na ngumi yangu unaikumbuka. Mpira wa pembeni ya milango nimeubadilisha nikaweka mpya. Ikifungwa sasa, hata vumbi halipiti. Lala usingizi.

Nimekununulia pia godoro la sponji, nene, la kwanza kutoka kwenye nailoni yake. Lilipofika Mama alikuwepo, akanisaidia kulishusha. Halafu akaenda bombani akanawa mikono mpaka viwiko kama mtu aliyeshika mafuta machafu. Unajua yeye hadi leo analalia godoro la pamba lenye mabonde. La sponji nililompa alimpa jirani siku ile ile. Nikamuuliza tatizo ni nini, akaniambia uzee hauna maelezo.

Uko karibu kupanga safari? Nijibu basi.

Cheche


2 Aprili

Kaka,

Mtoto amenisomea barua zako. Umeuliza habari za mlango mara mbili. Nakujua. Ukitaka kusema jambo unalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tulikubaliana. Mwanangu ana karakana, ana mafundi chini yake, watu wakubwa wanamwita kwa heshima. Hakuna anayemwita mzigo. Nataka nife ikiwa hivyo.

Kama huwezi kulala humo, tafuta sababu nyingine. Sema baridi. Sema miguu. Mimi nimesema harufu ya rangi miaka yote hii na imenifaa. Ningekuweka kwangu, lakini nyumba yangu ni chumba kimoja na nusu, na ile nusu ni jiko.

Usiulize tena mlango. Kila ukiuliza anaongeza chuma.

Mdogo wako


15 Aprili

Mpwa wangu,

Nakuandikia kwa kifupi. Nimekwenda kwa daktari, naye anasema baridi ya chuma haitafaa viungo vyangu. Kwa bahati nzuri nimepata nafasi katika nyumba ya wazee isiyo mbali na hapa. Chumba kina dirisha kubwa, na watu wake ni wakarimu.

Nyumba yako muuzie mteja. Ataifurahia. Tafadhali usifikiri kwamba sikuithamini.

Mjomba wako


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliikunja nikaiweka mfukoni mwa ovaroli, nikafanya kazi nayo siku kadhaa mpaka ikaingia mafuta. Baridi? Ndani nimeweka tabaka la kuzuia joto lenye unene wa kiganja. Wewe unayesahihisha kila kitu, hukuniuliza hata hilo. Nikajua ni uongo, ila sikujua ni uongo wa kuficha nini.

Nikasema nitakuthibitishia. Mtu pekee utakayemwamini ni dada yako. Nilimbembeleza Mama wiki nzima. Nikamwambia, ingia mara moja tu, uhisi joto lake, umwandikie kaka yako kwa mkono wako. Nikamwambia maneno mengine pia, kwamba kama ananionea haya aseme, nijue. Hilo ndilo lililomwingiza. Aliinuka kwenye kopo lake, akaingia, akasimama katikati ya chumba akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Nilikuwa ndani pamoja naye. Mabamba ya madirisha yalikuwa yamefungwa na umeme ulikuwa haujaunganishwa. Nilitaka asikie jinsi palivyo tulivu. Nikampigia kelele fundi mpaka rangi aliyekuwa nje: funga. Akafunga. Akaona afanye kazi kamili, akatia na kofuli.

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Nilisikia anakaa chini, kisha nikasikia sauti ndogo, chuma kwa mbao. Alikuwa anagonga ukuta kwa pete yake. Anagonga, anapumzika, anagonga. Nikamwambia, "Mama, niko hapa." Nikamshika bega. Aliendelea kana kwamba sipo. Nikapiga mlango kwa ngumi, na mpaka rangi alikuwa anahangaika na lile kofuli, funguo zimemchanganya. Kofuli nililolinunua kwa ajili yako, Mjomba.

Mlango ulipofunguliwa alitoka kwa magoti.

Sasa yuko kitandani. Halii, hasemi, anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Milango yote ya nyumba iko wazi, hata wa bafuni, kama siku zote. Leo nilipoufunga wa mbele kuzuia upepo alinitazama mpaka nikaufungua. Nimeishi na milango ile wazi tangu utoto nikidhani ni tabia tu, tena tulimtania: kwani ulizaliwa sokoni?

Nilimuuliza alikuwa anamgongea nani. Akageukia ukutani akasema, "Muulize mjomba wako."

Nakuuliza.

Cheche


14 Mei

Mdogo wangu,

Umemwambia aniulize. Je, hiyo ni ruhusa, au ulikuwa unataka tu akuache upumzike? Sitaandika neno mpaka unijibu. Lakini jibu.

Kaka yako


20 Mei

Kaka,

Mwambie. Mimi nimejaribu, kinywa hakifunguki.

Mdogo wako


27 Mei

Cheche, mpwa wangu,

Ulipokuwa mdogo uliuliza tulifikaje katika mji ulikozaliwa, tukakuambia kwa treni. Ulipenda treni hiyo, ukaichora mara nyingi. Haikuwepo.

Tulikuja ndani ya kontena la magodoro, mama yako na mimi, na wewe ukiwa tumboni mwake. Baba yako alibaki kusubiri nafasi ya safari ya pili, na unajua kwamba hakufika. Dereva alitupanga nyuma kabisa, akasema, "Mkifika salama nitagonga mara tatu. Kabla ya hapo msitoe sauti." Kisha tukasikia makomeo yakishuka, moja baada ya jingine.

Tulisafiri, tukainuliwa hewani, tukashushwa. Lori likaondoka. Tukangoja kugongewa. Hakuna aliyegonga. Sijui dereva yule alipatwa na nini. Sikuwahi kujua hata jina lake, kwa hiyo sina wa kumlaumu wala wa kumwombea.

Giza la mle si la usiku. Giza la usiku lina mahali linapoishia. Tulikuwa tumekaa juu ya magodoro mapya, laini kuliko chochote nilichokuwa nimelalia mpaka siku ile, na harufu ya sponji ilikuwa imechukua nafasi ya hewa. Mama yako ndiye aliyeamua kwamba kunyamaza kumetosha. Akaanza kugonga ukuta kwa pete, polepole, ili pumzi isiishe. Anagonga, anapumzika, anagonga. Mimi nilimsimulia vitabu nilivyovisoma, kimoja baada ya kingine, na kwa hofu nilichanganya miisho. Mpaka leo kuna visa ambavyo sina hakika viliishaje.

Ng'ambo ya ukuta wa uwanja ule kulikuwa na mchomeleaji anatengeneza geti. Alizima mashine yake apumzike, na ndipo alipoisikia pete. Alipanda ukuta, akajibu kwa nyundo. Ufunguo hakuwa nao, kwa hiyo alileta mashine akakata makomeo. Kitu cha kwanza tulichokiona kilikuwa cheche. Zilipenya kwenye ufa wa mlango, chache, nyekundu, zikazimikia sakafuni. Mama yako aliweka mkono juu ya tumbo akakuita jina lako. Hukuwa mtoto mkali, Cheche. Ulikuwa mpole kupita kiasi, tulidhani u mgonjwa.

Unaweza kuuliza kwa nini tulificha. Katika mji ule, waliofika kwa njia ile waliitwa mizigo. Tukisimama kwenye foleni ya maji mtu anasema, mizigo imefika, wenzake wanacheka. Watoto wao waliitwa hivyo hivyo shuleni. Mama yako akaapa kwamba wewe hutaitwa hivyo, nami nikaapa pamoja naye. Tulihamia mji mwingine na hadithi ya treni.

Halafu wewe, katika kazi zote za duniani, ukachagua hiyo.

Haoni haya juu yako. Soma sentensi hii mara mbili. Kila ukiingia kwenye kontena, yeye huleta kopo lake na kukaa mlangoni, kwa sababu wewe uko ndani na makomeo yako nje. Miaka yote hii ulidhani amekataa kuingia. Alikuwa analinda.

Na mimi: hakuna nyumba ya wazee, wala daktari. Nina chumba hiki mpaka mwisho wa Juni, na baada ya hapo sina kitu. Nyumba yako naitamani kuliko nilivyowahi kutamani mahali popote. Lakini siwezi kulala ndani ya mlango ambao mtu wa nje anaweza kuufunga. Nilikuzungusha kwa maswali badala ya kusema hivyo, na kila swali likawa kofuli. Sasa nimesema.

Mjomba wako


11 Juni

Shikamoo Mjomba,

Kwanza, kama fundi: cheche kwenye magodoro ya sponji? Tungeungua wote watatu. Huyo mchomeleaji ningemkuta leo ningembusu mikono, halafu ningemfukuza kazi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya kopo la Mama. Sikuelewa mengi siku ile. Niliendelea kurudia ile sehemu ya kopo.

Kisha nikaenda kwake. Sikumuuliza kitu, nilimwambia tu kwamba kesho nakata makomeo, akitaka abaki nyumbani asione. Akasema anataka kuona. Alikuja amevaa nguo nzuri. Nilimpa miwani ya giza, akaikataa, nikamlazimisha, tukagombana kidogo kama zamani, na mafundi wakajifanya wanatafuta spana. Nikawasha mashine. Makomeo manne yameanguka chini, muuza vyuma chakavu ameyapakia. Mama alisimama wakati wote. Komeo la mwisho lilipokatika alisema, "Yule alichukua muda zaidi." Hilo ndilo neno lake la kwanza juu ya jambo hilo, na sijamsikia akisema jingine.

Milango yenyewe nimeing'oa kwenye bawaba. Nimeilaza chini mbele ya nyumba, imekuwa baraza. Mpaka rangi alitaka kuipendezesha, Mama akamwambia aiache na kutu yake. Mabamba ya madirisha hayapo tena. Umebaki mlango wa kioo tu. Kitasa chake kiko ndani. Kwa nje hakuna hata pa kushika, mgeni atapunga mkono kwenye kioo angoje umwone. Godoro ni la pamba, Mama amelishona mwenyewe, kwa hiyo jiandae kwa mabonde. Siku moja lori likija, nitaziba kioo kwa mbao, na ninyi wawili mtakaa mbele pamoja na dereva.

Sitakudanganya. Sijui kama utaweza kulala humo. Bado ni bati pande zote, na mvua ikinyesha inasikika, ingawa wewe kwa masikio yako huenda ukasalimika. Hata Mama bado hajaingia. Jana aliweka mguu mmoja ndani, akautoa. Niligeuka upande mwingine nikajifanya naangalia paa. Lakini hakurudi kwenye kopo. Alikaa kwenye baraza, juu ya ile milango, akaigonga kwa pete mara tatu, akasikiliza.

Anataka kuongeza maneno yake hapa chini. Nimempa kalamu.

Cheche


Kaka, njoo. Milango nimeikalia mimi.